Mdudu wa Dirishani kwa Wannes

Katika mtaa wetu hapa Ghent hakuna mapenzi yaliyowahi kuanza bila mimi kuyajua siku ile ile. Haya ya Wannes na Veerle niliyajua baada ya miezi saba, tena kwa kuambiwa na mleta barua.

Yalianza Jumapili moja ya Mei, soko la maua la Kouter limefurika, wanunuzi wa miche wanakanyagana na walaji wa chaza. Wannes, fundi baiskeli, alivaa shati lake pekee lisilo na grisi, amekumbatia mche wa nyanya. Mara mwanamke mwenye koti la manjano na kamera shingoni akamshika bega.

"Usitikisike, kaka! Hata usipumue."

Wannes alivuta tumbo ndani, akainua kidevu, akatoa lile tabasamu analowawekea wapiga picha wa harusini. Kamera ikalia mara sita.

"Asante. Ametoka vizuri sana."

"Nani?"

"Mdudu. Yuko kwenye kola yako, huyo mpana kama ngao. Ukimgusa ananuka."

Wannes akamgusa. Kweli, alinuka.

"Si nimekuambia, bwana!" Veerle alicheka mpaka muuza chaza akageuka. "Sasa utanuka mpaka jioni. Njoo nikununulie divai, maana hapa hakuna mwingine atakayekaa nawe."

Kiangazi hicho kizima Wannes alikipitisha kwenye bustani ya Veerle, nyuma ya nyumba, amepiga magoti katikati ya maharage, ameshika karatasi nyeupe ya kurudishia mwanga.

"Inua kidogo, mpenzi. Geuka, mpenzi. Hapo hapo, mzuri wangu."

"Unasema na mimi au na mdudu?"

"Wewe shika karatasi."

Aliyependwa kuliko wote ni jike mmoja wa kahawia mwenye madoadoa. Veerle alimwita Godelieve, jina la shangazi yake, kwa sababu ya upana wa mabega. Alimpiga picha tangu hajaota mabawa. Baridi ya Oktoba ilipoingia, Godelieve naye akaingia ndani, akajibanza kwenye pindo la pazia la chumbani, na kila asubuhi Veerle akimsalimu kabla ya kumsalimu Wannes.

Kisha mama yake Veerle akatangaza kwamba anakuja kumwona mkwe. Wannes akataka aonekane mwanamume wa maana. Veerle akiwa kazini, alitoa mashine ya kufyonza vumbi, akapita chini ya kitanda, juu ya kabati, na pazia zote, pindo kwa pindo.

Veerle aliporudi alisimama mlangoni, akanusa. Harufu ilitoka kwenye mfuko wa mashine.

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha, kipenzi! Mpaka pazia. Usingeamini takataka zilizokuwamo."

"Takataka," alisema Veerle.

Mama mkwe alikuta nyumba safi isiyo na mkwe.

Wiki sita Wannes alipiga simu, wiki sita haikupokelewa. Alitengeneza baiskeli vibaya. Mteja mmoja alirudishiwa yake bila breki. Mwanzoni mwa Desemba, mchana, simu ikapokelewa.

"Sema haraka, nina keki kwenye oveni."

Maneno ya kuomba radhi alikuwa ameyapanga tangu Novemba. Yote yakamtoroka, na Wannes alijua kwamba simu hii ikikatwa, hakuna nyingine.

"Kuna mmoja dirishani kwangu," alisema. "Mkubwa kweli. Njoo na kamera."

Ikasikika oveni ikizimwa.

"Usimguse. Nakuja."

Alizipanda ngazi za ghorofa tatu kwa mbio, mashavu mekundu kwa baridi, unga mkononi mwa koti la manjano, kamera tayari. Akaliendea dirisha. Kioo kilikuwa kitupu.

"Yuko wapi?"

"Ameruka sasa hivi. Umemkosa kidogo tu."

Veerle alichungulia nyuma ya kipasha joto, kisha akamtazama Wannes.

"Alikuwa rangi gani?"

"Kijani," alisema Wannes, bila kusita. "Kijani kibichi kabisa."

Veerle akaifunika kamera. Akafungua vifungo vya koti taratibu, akalitundika juu ya koti la Wannes.

"Wannes. Wale wa kijani wakishikwa na baridi hugeuka kahawia. Tena saa hizi wamelala chini ya majani makavu huko bustanini, hawapandi ghorofa."

Wannes akalitazama koti la manjano lililotundikwa juu ya lake.

"Labda huyu," alisema, "hakuambiwa."