Orodha Ndani ya Wimbo

"Nukta, saa kumi kamili mgeni anapakua. Umenipata?"

"Nimekupata."

Nukta alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya mtu, bisibisi mdomoni, kisikizi kidogo kama punje ya mchele sikioni, kikimletea sauti ya Mkuu wa Idara ya upelelezi. Mbele ya pua yake kulikuwa na viatu viwili vyeusi, vimeng'arishwa kupita kiasi.

"Unaongea na nani huko chini, fundi?"

"Na hii waya, mzee. Korofi kweli."

Viatu havikuondoka.

Casio yake ilisema saa tisa na dakika ishirini.

Mwenye viatu alikuwa mtangazaji mstaafu wa redio. Zamani watu waliamka kwa sauti yake. Siku hizi aliingiza dawa bandia za watoto, kontena baada ya kontena, na aliyemgusa alipotea. Mara mbili polisi waliivamia nyumba hii. Mara mbili walitoka na santuri tu, na aibu.

Maana huyu bwana alipenda muziki, hilo tumpe haki yake. Hakutaka huduma ya kampuni yoyote. Alijiwekea seva yake mwenyewe, kijisanduku cheusi chini ya meza, chenye nyimbo elfu arobaini. Popote alipo, anafungua simu na kusikiliza muziki wake kutoka nyumbani kwake.

Na ndani ya wimbo mmoja kati ya hizo elfu arobaini alificha orodha. Majina kumi na moja ya watumishi wa forodha waliokuwa wakimchongea kwa siri. Sikio halisikii kitu. Lakini mnunuzi wake aliye ng'ambo akiupakua wimbo ukiwa mzima, programu yake inaichomoa orodha yote. Kesho yake wauaji wanaanza kazi.

Jina la saba lilikuwa la dada yake Nukta.

Dada aliyemlea. Alimjua mdogo wake kama fundi kompyuta tu, wala yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia kwamba anamchongea mtu. Nukta aliliona jina lake mezani kwa Mkuu, akaomba kazi hii palepale. Mkuu alikataa mara mbili.

Jana Idara iliikatia seva njia ya kutoka nje. Leo asubuhi mtangazaji alitafuta fundi. Mnajua fundi gani alipokea simu.

"Tayari?" mtangazaji aliuliza.

"Bado mipangilio, mzee. Nifungulie hapa, nywila yako."

Mtangazaji aliichapa mwenyewe, mkono mmoja ukikinga herufi. Kisha akavuta kiti, akakaa bega kwa bega na fundi, macho kwenye kioo cha kompyuta ya Lenovo.

"Fundi, sikiliza. Usinibanie nyimbo zangu. Hao wenzako wanabana wimbo mpaka unabaki mifupa, eti mtandao usichoke. Humu ndani hakuna wimbo ulio chini ya megabaiti thelathini."

"Nani atakubania wewe, mzee?"

Nukta aliendelea kubofya. Kubana ndiyo kazi aliyotumwa. Wimbo ukibanwa, unabaki na kile sikio linachosikia, na vilivyofichwa vinasagika vyote. Hakuhitaji hata kujua orodha imo katika wimbo upi.

Ukurasa wa watumiaji ulifunguka. Walikuwa wawili: Mwenyeji na Mgeni.

"Huku unatafuta nini?"

"Njia ya nje ilikatika. Nahakikisha kila mmoja anaruhusiwa kupita."

"Wa kwanza nijaribu mimi."

Nukta alifungua njia ya nje. Mtangazaji alizima Wi-Fi ya simu yake na kuchomeka hedifoni. Alisikiliza dakika nzima, macho yamefumbwa. Dakika hiyo ndiyo Nukta aliyoitaka. Vidole vyake vilipita haraka: Mgeni, bana kila wimbo, hifadhi.

Macho yalifumbuka.

"Safi. Mbona unahema?"

"Nilikuwa chini ya meza nusu saa, mzee."

Alitazamwa kwa muda mrefu. Uso wa mtangazaji haukuonyesha kama ameamini.

Saa kumi.

Saa kumi na dakika nne, simu ya mezani ililia. Mtangazaji alisikiliza, akakunja uso. "Haiwezekani. Niliiweka kwa mkono wangu. Pakua tena." Akangoja. "Basi naipeleka mwenyewe kwa mtu wako wa hapa mjini."

Alikwenda kwenye rafu za santuri, maelfu ya majalada yaliyosimama ukuta mzima. Hakutafuta. Alichomoa moja, akatoa flashi, akaitia mfuko wa shati.

Kamera kwenye kifungo cha shati la Nukta iliona yote.

"Tumeona," Mkuu alinong'ona sikioni. "Mwache atoke. Tuko getini."

Lakini mtangazaji hakutoka. Angetoka tu, mambo yangeisha kwa amani. Penzi la muziki likamrudisha.

"Fundi. Ingia hapa kama Mgeni. Wimbo wa tatu wa ile bendi ya polisi."

Bendi ya polisi. Nukta nusura acheke.

Hakuwa na la kufanya. Aliingia. Mtangazaji alichomeka hedifoni kubwa kwenye amplifaya na kusikiliza. Sekunde kumi. Ishirini.

"Matoazi yamekufa," alisema polepole.

Bastola ya Glock ilitoka nyuma ya kiuno chake.

"Umenibania wimbo. Nani kakutuma?"

Hedifoni bado ilikuwa masikioni. Kitufe cha sauti cha amplifaya kilikuwa karibu na goti la Nukta.

Alikizungusha hadi mwisho.

Tarumbeta arobaini za polisi ziliingia katika masikio yale ya dhahabu kwa mpigo mmoja. Mtangazaji alipiga ukelele, mikono yote ikakimbilia kichwani. Nukta alimpiga kiwiko cha mkono, Glock ikaanguka. Sekunde mbili baadaye mzee alikuwa chini kwenye zulia, mikono nyuma, flashi mfukoni.

Mlango ulivunjwa. Mkuu aliingia na vijana wake.

"Nukta, taarifa."

"Wote kumi na mmoja wazima."

"Na wa saba," aliongeza chini kwa chini. Mkuu alijifanya hakusikia.

"Ulibana kwa kiasi gani?" mtangazaji aliuliza kutoka zuliani.

"Kilobiti mia moja ishirini na nane."

Mzee alifumba macho, na kwa mara ya kwanza alionekana ameumia kwelikweli.

Nukta alikusanya bisibisi zake na kutoka kwa miguu. Kwenye kona alipiga simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hukupatikana hewani mchana kutwa, ulikuwa wapi?"

"Kwa mteja. Seva yake ya muziki ilikuwa na shida. Na wewe, kazini vipi?"

"Aa, shwari tu. Makaratasi."

Kila mmoja na uongo wake.

"Funga mlango mapema leo, dada," alisema. "Nakuja kula."