Sauti ya Zima-Washa

Kilichomshtua fundi wa kompyuta asubuhi ile ni kushukuriwa.

"Mungu akubariki, fundi," Shangazi alimwambia kwenye simu ya ofisi. "Jana ulinivumilia kweli. Na yale maneno yako yamenituliza."

"Maneno gani, Shangazi?"

"Usijifanye umesahau, bwana!" Akacheka, akakata.

Fundi alibaki ameshika simu. Jana hakuwa ameongea na mtu.

Shangazi hakuwa ndugu yake. Alikuwa mhasibu wa kampuni, mjane wa makamo, na ofisi nzima ilimwita hivyo. Tangu kampuni ipunguze vyumba, wahasibu na makarani walifanyia kazi majumbani, wakiingia kwenye kompyuta za ofisini kwa VPN, ile njia ya siri ipitayo ndani ya intaneti. Ofisini alibaki fundi peke yake na viti vilivyofunikwa plastiki. Njia ikikatika walimpigia yeye, naye alikuwa na dawa moja tu: "Zima, kisha washa." Akishasema hayo, simu chini. Wakambandika jina la Zima-Washa. Alilijua, wala halikumuuma. Hakuwa na mke wala mtoto. Nyumbani kwake aliyemsalimia ni mtangazaji wa redio.

Alidhani mama wa watu kachanganya mambo. Lakini kabla wiki haijaisha, karani wa mishahara akampigia.

"Siku hizi umebadilika, fundi! Hadi unauliza mtoto wangu kapona?"

"Mimi?"

"Kwani nani? Nikishaunganisha tu, nakusikia kwenye kompyuta. Sauti ni yako, ila leo imepakwa asali."

Fundi hakucheka. VPN yao ilibeba mafaili, haikubeba sauti ya mtu.

Akaanza kazi yake. Akabadilisha manenosiri, akakagua saa za kompyuta moja moja, maana saa ikikosea njia hukataa kufunguka. Akaifuta programu na kuiweka upya. Mwisho akamfungia Shangazi njia kabisa. Kwenye skrini, jina la Shangazi likabaki kijani: ameunganishwa. Akachomoa waya wa intaneti wa ofisi nzima, akaushika mkononi kama mkia wa nyoka. Kijani kile kile. Ndipo ikamjia harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni, na kutoka meza ya mwisho, kwenye kompyuta ambayo haikuwa na mtu, akasikia mwanamume akicheka taratibu, kicheko cha mtu aliyestarehe na wenzake, na ilimchukua muda kutambua kwamba kilikuwa kicheko chake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa hajakisikia miaka mingi.

Simu ikalia. Alikuwa binti wa Shangazi, akinong'ona.

"Fundi, nakuomba, mwache mama yangu. Hali chakula, halali usingizi. Anaongea na wewe kutwa kucha."

"Binti yangu, siyo mimi."

Yule binti akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Najua. Nimezima umeme, nimetoa hata betri, na bado sauti yako inaongea. Mganga yuko hapa. Anasema uje."

Akaenda. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, amekonda, kompyuta mapajani, akitabasamu kama mtu anayesomewa barua ya mpendwa. Hakugeuka. Mganga, mwanamke mnene mwenye ukali wa mwalimu wa hesabu, alimvuta fundi pembeni.

"Jini huyu hana sauti," alinong'ona. "Huokota iliyotupwa. Yako ameikuta haina kazi. Kaichukue, mbele ya mama huyu."

"Niseme nini?"

"Chochote, mradi kisiwe zima wala washa."

Fundi akapiga magoti kando ya kitanda. Harufu ya nguo mbichi ilijaa hapo, na kompyuta ile isiyo na umeme ilikuwa inamwambia Shangazi, kwa sauti yake yeye fundi, kwamba asiogope, kwamba mgeni huyu ni mtu baridi asiyemjali mtu, na fundi alipofungua kinywa hakikutoka kitu, akafungua tena, hewa tupu, na sauti ile mle ndani ikacheka, na binti akaanza kulia nyuma ya mlango, hata mganga akamkandamiza bega kwa mkono wa baridi mpaka neno moja likamtoka kinywani.

"Shangazi."

Kompyuta ikasema, "Shangazi."

"Mama yangu alipofariki, nilirudi kazini kesho yake. Nyumbani hapakuwa na wa kumwambia."

Sauti ya pili ilimtangulia mwanzoni, kana kwamba ilijua atasema nini. Kisha zikaenda sambamba. Fundi akaendelea, jasho likimtiririka, akaeleza jinsi alivyomwosha mama yake miguu siku za mwisho, na ile nyingine ikaanza kubaki nyuma, ikikosea maneno, ikigugumia, mpaka ikawa mlio wa nzi, na mlio ukakatika. Skrini ikawa nyeusi.

Shangazi alimtazama kwa mara ya kwanza. Machozi yakamtoka.

"Mbona umemfukuza?" aliuliza. "Yeye alikuwa ananisikiliza."

"Nitakupigia mimi, Shangazi."

"Haya," alisema, bila kuamini, kama mtu asiye na wa kuongea naye tena, na binti yake akamkumbatia na kumlaza.

Mganga akakusanya vitu vyake. "Hapa ametoka," alisema. Ameenda wapi, hakusema; akatoka zake.

Alitembea hadi nyumbani, jua likizama, akijaribu sauti yake njiani kwa kuwasalimia watu asiowajua. Wachache waliitikia. Akafungua mlango wa nyumba yake, na kabla hajaingia akasikia kikombe kikiwekwa juu ya meza jikoni, kisha mwanamke, kwa sauti ya Shangazi, ila laini zaidi, akamwambia:

"Viatu viache hapo mlangoni. Nimepiga deki."

Sakafu ilikuwa mbichi, inang'aa. Fundi alisimama pale kizingitini muda mrefu, barabara tupu nyuma yake.

Akavua viatu.