Paji Lisilo na Majivu

Marehemu alilala kifudifudi nyuma ya mlango wa banda la kuni, mkono wa kuume umenyooka kuelekea ubao wa chini. Kucha tatu zilikuwa zimevunjika. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na komeo lenyewe lilikuwa upande wa nje.

Mkaguzi wa Polisi Sudi Mlekwa alichuchumaa, akatamka kwa sauti ya chini maneno ambayo Mwislamu huyatamka mbele ya mauti. Saa sita ya mchana ilikuwa imekaribia, na bado ukungu wa Februari ulikuwa haujainuka juu ya Sumbawanga. Mikaratusi ya shule ya masista, pale Katandala, ilidondosha maji polepole juu ya bati.

"Anaitwa nani?"

"Evodia," alijibu Mzee Obed, mpishi wa shule. "Mlezi wa bweni."

"Wewe ndiye uliyefungua?"

"Ndimi. Nilifuata kuni."

"Saa hizi? Jiko la shule huwashwa alfajiri."

"Leo ni Jumatano ya Majivu, mkuu. Shule nzima hufunga mpaka mchana. Ingekuwa siku nyingine, ningefika hapa kabla ya jogoo." Mzee aliutazama ule mkono ulionyooka. "Ingekuwa siku nyingine, labda ningemkuta anapumua."

Daktari wa polisi hakumpinga.

"Jeraha liko kisogoni," alisema. "Halikumuua papo hapo. Alizinduka, akajikokota mpaka mlangoni. Tazama vifundo vya vidole vilivyovimba. Aligonga, Mkaguzi. Aligonga kwa muda mrefu."

Koplo Debora, msaidizi wa Mkaguzi, alikuwa na msalaba mweusi kwenye paji la uso, aliopakwa parokiani kwake asubuhi ile. Alivuta kwa kibanio nyuzi nyeupe zilizonasa katika kucha za marehemu, akazitia ndani ya bahasha ya vielelezo.

"Bafta, Afande."

"Naijua," alisema Mkaguzi. Kwao Ujiji alikuwa ameshika sanda za bafta zaidi ya moja.

Nyuma ya banda lilisimama pipa lililokatwa nusu. Jana jioni ndani yake yalichomwa matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, ili yapatikane majivu ya kuwapaka waumini. Ukingo wa pipa ulikuwa na doa la damu lisilozidi ukubwa wa kucha. Mkaguzi alipekua mabaki kwa kijiti. Akainua waya mwembamba, uliopindwa kama jani kubwa.

Debora aliutazama kwa muda.

"Hili ni bawa la malaika," alisema. "Nilivaa la namna hii nikiwa darasa la pili. Waya ndani, bafta juu."

*

Sista Bertila, mwalimu mkuu, aliwapokea ofisini. Alikuwa mwanamke mrefu, na sauti yake haikutikisika.

"Nani alichoma matawi, Sista?"

"Mwalimu Isdori. Ndiye mwalimu wa dini, na ndiye anayesimamia siku zetu zote za pekee: Siku ya Wazazi, Siku ya Mtakatifu Somo wa Shule, maigizo, maandamano. Bila yeye hatuna sherehe."

"Evodia alionekana mara ya mwisho lini?"

"Jana kabla ya chakula cha jioni. Mwalimu Isdori aliniambia Evodia ameomba ruhusa ya ghafla, dada yake anaumwa huko Wampembe."

"Begi lake liko chumbani. Viatu vyake vya safari pia."

Sista aligeuka, akatazama upande wa bweni.

"Majivu nani aliyachekecha?"

"Mimi, alfajiri. Yalikuwa mengi kuliko mwaka jana. Nilimshukuru Mungu kwa hilo."

"Mavazi ya malaika mnayo mangapi?"

"Tulishona kumi na mbili. Sasa yapo kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa la mwanafunzi wetu, Fabiani. Alifariki Oktoba, usiku wa kuamkia sikukuu ya Malaika Walinzi. Alifia kitandani, usingizini. Nilidhani alizikwa nalo."

"Nani aliyekwambia alifia kitandani?"

"Mwalimu Isdori. Na Evodia."

"Wote wawili?"

Sista alifikiri. "Mwalimu ndiye aliyesema. Evodia alikuwa akilia tu."

*

Wanafunzi walikuwa wamekalishwa ukumbini, kimya, mapaji yao yote yametiwa weusi. Monika, msichana wa darasa la sita, kiranja wa bweni lililo karibu na banda la kuni, alisimama mbele ya Mkaguzi na Sista Bertila.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Jana usiku ulisikia nini?"

"Kugonga."

"Wapi?"

"Huko nyuma. Ko, ko, ko. Halafu kimya. Halafu tena."

"Kwa nini hamkwenda kutazama?"

Monika alimtazama Sista, kisha akainamisha kichwa.

"Tulijua ni Fabiani."

"Fabiani amekufa."

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana tuliogopa. Mwalimu Isdori akaingia, akasema ni roho ya marehemu inaomba sala. Tukasali rozari. Akatuambia tupaze sauti. Tukapaza mpaka hatukusikia tena."

Sista Bertila aliketi bila ya kutazama kama nyuma yake kuna kiti. Kwa bahati, kilikuwepo.

Mkaguzi alipunguza sauti. "Monika, mtoto aliyefia kitandani usingizini hana sababu ya kugonga. Mlijuaje kuwa ni yeye?"

"Kwa sababu aligonga vilevile kabla hajafa. Kwenye stoo ya mavazi. Alikuwa anamwita mama yake kwa Kifipa. Asubuhi wakatuambia alilala salama, basi tukadhani tuliota."

"Wote mliota?"

"Dada Evodia alituambia tusiulize," alisema Monika. "Lakini yeye mwenyewe alikuwa haendi tena upande ule."

Nje, Debora alimkaribia Mkaguzi, akanong'ona.

"Afande, hapa shuleni wote tumechafuka usoni: masista, watoto, mpishi, hata dereva. Wasafi ni wawili tu, wewe na Mwalimu Isdori."

"Mimi ni Mwislamu."

"Ndiyo nashangaa. Yeye kasilimu lini?"

Mkaguzi hakucheka. Aligeuka, akatazama upande wa pili wa uwanja, alikosimama mtu mwembamba wa makamo, koti la kijivu, mikono nyuma. Paji lake la uso lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

*

"Ulihudhuria Misa leo, Mwalimu?"

"Nilihudhuria. Niliongoza nyimbo."

"Hukupakwa majivu."

"Nilipakwa. Nilitokwa na jasho, yakafutika."

"Kwa baridi hii?"

Isdori alifunga kifungo cha juu cha koti.

"Sista anasema alikuletea bakuli umsaidie kuwapaka wadogo. Kila mwaka humsaidia. Leo ukarudisha mikono nyuma."

"Nilikuwa na mafua."

"Mafua hayazuii kidole." Mkaguzi aliweka waya mezani. "Umeishi na majivu haya tangu utotoni. Leo umeyakimbia. Mimi siyapaki kwa sababu si ibada yangu. Kwako ni ibada, na hukuweza. Ulijua ndani yake mna nini."

Mwalimu alitazama ule waya.

"Nakuonya kwa mujibu wa sheria," alisema Mkaguzi. "Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa, na laweza kutumika kama ushahidi dhidi yako."

"Andikeni," alisema Isdori.

Debora alifungua kalamu.

"Ilikuwa mkesha wa Malaika Walinzi. Tulikuwa kwenye mazoezi. Fabiani alilia tumbo. Nilidhani anadeka. Alikuwa mtoto wa kudeka, mzigo kwa kwaya. Nikamfungia stoo ya mavazi, na kanzu yake, na mabawa yake, nikamwambia atatoka akinyamaza. Kisha nikaenda kanisani kupamba. Palikuwa na maua, vitambaa, mishumaa. Nilitaka sikukuu iwe nzuri. Nikamsahau."

"Alinyamaza?"

"Evodia alipofungua asubuhi, alikuwa amenyamaza."

Ukungu ulisukuma kioo cha dirisha.

"Nilimpigia magoti Evodia," aliendelea Isdori. "Tukamvua, tukamlaza kitandani, nikamtia rozari mkononi. Kanzu ilikuwa imechanika kwa meno. Evodia aliificha. Mimi nikaenda kumpokea mama yake langoni."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba alikufa akisali. Yule mama akaishika mikono yangu hii, akaibusu. Mjane huyu, Dominika, ni mkulima wa ulezi. Kila siku ya pekee ya shule huja na ndoo ya uji kwa ajili ya watoto, na kila akija huniinamia na kunishukuru kwa kumlea mwanawe mpaka pumzi ya mwisho. Mara ya kwanza shukrani ile iliniunguza. Mara ya pili ilinipoza. Baadaye, Mkaguzi, nilikuwa nahesabu siku mpaka sikukuu ijayo."

"Na Evodia?"

"Alisema Kwaresima hii hatoiingia na uongo. Mama Fabiani angekuja leo, naye angemweleza yote na kumpa ile kanzu. Aliniletea pale kwenye pipa, akanitaka twende pamoja. Hakunitisha. Angenitisha ningestahimili. Alinisihi. Niliivuta, akaing'ang'ania, nikamsukuma. Kichwa kikapiga ukingo. Nikadhani amekufa. Nikamburuta bandani, nikafunga, nikaitupa kanzu motoni."

"Kisha akagonga."

"Kisha akagonga."

"Ulikuwa na nafasi ya kufungua."

"Nilikuwa nayo usiku kucha." Aliufunika uso kwa mikono. "Ningefungua, Dominika angejua."

"Ulimlinda mama yule na huzuni?"

"Nimejiambia hivyo."

"Nami nakuuliza."

"Hapana," alisema Isdori. "Nilitaka aendelee kunishukuru."

Debora aliacha kuandika. Alipeleka kidole kwenye paji la uso wake, kana kwamba majivu ya parokia yake nayo yalikuwa yametoka katika pipa lile, kisha akairudisha kalamu karatasini.

*

Dominika alikuwa ameketi kwenye benchi la barazani, khanga imefungwa kiunoni, ndoo ya uji kati ya miguu yake. Alikuwa amefika kwa Misa, akakuta vurugu ya polisi, akasubiri, kwa kuwa watoto wangekula baadaye. Kwenye paji lake kulikuwa na msalaba mpana. Sista Bertila ndiye aliyempaka, kwa upendo, bila ya kubana majivu.

Mkaguzi Sudi alikuwa ametangaza mauti mengi katika utumishi wake. Hakuwahi kuyatangaza yaliyokwisha kutangazwa. Alivua kofia, akaketi kando yake, akamweleza tangu mwanzo, neno kwa neno, bila ya kupamba. Jambo moja tu hakulitaja, nalo ni ile kanzu ilikochomwa na majivu yake yalikokwenda. Aliona hilo litasemwa mahakamani, na mahakama haiko leo.

Mama alisikiliza akiutazama mfuniko wa ndoo.

"Kwa hiyo hakuwa na rozari."

"Hakuwa nayo, mama."

"Na usingizi?"

"Hakulala."

Isdori alipitishwa mbele yao, pingu mikononi, askari kila upande. Alisita, akafungua kinywa. Dominika hakumwinulia macho, na askari wakamwongoza mpaka kwenye gari.

"Aliniita?"

Mkaguzi alijua kwamba hapa uongo mdogo ungekuwa sadaka. Alijua pia ni uongo wa namna hiyo uliowafikisha wote barazani.

"Alikuita, mama. Watoto walimsikia."

Dominika aliinamisha kichwa polepole, kama mtu anayepokea mzigo ambao ni wake. Kisha akasimama.

"Nionesheni chumba."

Sista alitangulia na funguo. Stoo ya mavazi ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, na ndani yake kanzu nyeupe zilining'inia kwenye kamba, mabawa yakigusana. Dominika aliingia, akapita katikati yake, akaketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Fungeni mlango."

"Mama," alisema Sista, "tafadhali."

"Fungeni."

Mkaguzi aliusukuma mlango mpaka ukakutana na fremu. Komeo hakuligusa. Akasimama na kiganja juu ya ubao, na nyuma yake Sista na Debora, na kwa mbali watoto waliokuwa wametoka ukumbini wakasimama kwenye ukungu bila ya kuamriwa.

Sauti ya mama ilianza ndani, chini, kwa Kifipa. Ilitamka neno moja, ikatulia kama inayosikiliza, ikalitamka tena.

"Anasema nini?" aliuliza Mkaguzi.

Debora, Mfipa wa kuzaliwa, alisogeza sikio karibu na ubao.

"Anaitika, Afande."