Plasta na Ndege Aliyeburuta Bawa

Mtaani kwetu anaitwa Plasta. Kazi yake ni kuwafunga plasta waliovunjika mifupa hospitalini, na anaipenda kupita kiasi. Hawezi kuona mtu anachechemea akanyamaza. Kwenye harusi hutazama kwanza miguu ya bwana harusi, sura baadaye. Hata meza ya jikoni kwake ilipovunjika mguu, hakuita seremala. Aliifunga plasta. Meza inasimama mpaka leo, ila mkewe huona haya wageni wakija.

Jumapili moja alimpeleka mkewe na mama mkwe wake kwenye hifadhi ya ndege, karibu na bahari. Ni eneo la majimaji. Kuna vidimbwi vya maji ya chumvi, matope, nyasi ndefu na vipande vya mchanga mkavu katikati. Wageni hupita juu ya njia ya mbao.

Langoni walipokewa na askari wa hifadhi, mwanamke mcheshi mwenye darubini kifuani.

"Karibuni sana," alisema. "Ombi langu ni moja tu. Msishuke kwenye njia ya mbao."

"Hatushuki," Plasta alijibu.

Hawakufika mbali, akashuka.

Sababu ilikuwa ndege mmoja mdogo, mwenye miguu myembamba. Alikuwa akijikokota mchangani, bawa moja likiburuta chini, huku akilia kwa huzuni.

"Mnaona lile bawa?" Plasta aliuliza. "Limevunjika pale juu, karibu na bega."

"Tumeambiwa tusishuke," mkewe alimkumbusha.

"Nimwache kiumbe anateseka, na kazi yangu ndiyo hii?"

Akamwomba mama mkwe mtandio wake ili afungie bawa. Mama mkwe anampenda sana mkwe wake. Alimpa mtandio, kisha akaona mwavuli wake nao utafaa kunyoosha mfupa. Basi naye akashuka, akamfuata nyuma polepole.

Plasta alinyata. Ndege akajikokota mbele kidogo. Plasta akasogea, ndege naye akasogea.

"Tulia, mgonjwa wangu," Plasta alimbembeleza. "Haitauma."

Kila alipoinama kumshika, alishika hewa. Waliuvuka mchanga, wakapita kwenye nyasi, wakafika kwenye matope. Hapo Plasta akazama mpaka magotini. Ndege akamtazama. Kisha akakunjua mabawa yote mawili, mazima kabisa, akaruka zake.

"Amepona," mkewe alisema kutoka kwenye njia, akicheka huku ameshika mbavu.

Askari alikuja mbio. Lakini hakuwa na habari na Plasta. Macho yake yalikuwa kwa mama mkwe, aliyeinua mguu apige hatua.

"Shikamoo, bibi. Tafadhali usiushushe huo mguu."

"Marahaba. Sasa nisimame na mguu mmoja, mimi korongo?"

"Vumilia kidogo, bibi. Chini ya kiatu chako kuna mayai."

Mama mkwe akatazama chini. Mwanzoni aliona changarawe tu. Alipotazama vizuri, aliona mayai yenye rangi ya mchanga na madoa meusi. Hayakuwa na kiota. Yalikaa tu kwenye kishimo kidogo. Askari alimshika mkono, wakarudi kinyumenyume, kila hatua palepale alipokanyaga mwanzo. Kisha wakapita pembeni hadi matopeni, wakamvuta Plasta kwa mwavuli. Kiatu chake kimoja kilibaki matopeni.

"Yule ndege haumwi," askari alieleza walipopanda kwenye njia. "Hutaga chini, mchangani. Akiona adui anakaribia, hujifanya amevunjika bawa. Adui humfuata yeye, mayai yakasalimika."

"Mimi ni adui?" Plasta aliuliza. Neno hilo lilimuuma.

"Kwake yeye, baba, wewe na mbwa ni kitu kimoja. Sasa anaogopa kurudi kwa sababu tuko hapa. Jua hili likiyapiga mayai kwa muda mrefu, vifaranga watafia ndani."

Plasta alinywea. "Tufanye nini?"

"Tuondoke. Hakuna dawa nyingine. Na siku nyingine ukiona mnyama ameumia, usimfuate. Tuite sisi."

Wakaenda kukaa mbali, kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Walipokezana darubini. Mchanga ulikuwa mtupu. Mama mkwe aliacha utani. Plasta alikataa hata kwenda kunawa matope.

Mwishowe ndege akatokea. Alikimbia kidogo, akasimama, akakimbia tena. Kisha akaketi juu ya mayai yake.

"Bawa liko sawa," Plasta alisema, macho yakiwa yamelowa. Alifurahi kweli kweli.

Walirudi tena baada ya wiki chache, wakawaona vifaranga wakikimbia mchangani. Safari hii Plasta hakutoa hata kidole nje ya njia. Mbele yao bwana mmoja mwenye viatu vyeupe alimwona ndege akiburuta bawa. Akaanza kukunja suruali ili ashuke.

Plasta akamshika mkono.

"Mwache, ndugu yangu," alimwambia. "Huyo haumwi. Yuko kazini."