Hodi ya Papa

Maji ya kwa Felomena yalianza kuwa na chumvi siku ya Alhamisi. Alichota kikombe kwenye ndoo, akanywa funda moja, akatema mlangoni. Akamlaumu muuza maji wa toroli, ambaye siku zote ndiye wa kulaumiwa, na yule bwana akaapa kwamba mtaa mzima umechota kwenye madumu yaleyale na hakuna aliyelalamika. Felomena akaenda kuonja kwa jirani. Matamu. Akarudi kwake, akaonja tena. Chumvi.

Ruangwa si pwani. Huku bahari inajulikana kwa papa mkavu anayeletwa sokoni amekunjamana kama kiatu cha marehemu, na wapo waliozeeka hawajaona wimbi. Chumvi ile haikuwa na sababu ya kuwa pale.

Nyumba yenyewe ilikuwa na watu watatu. Felomena, mwanawe wa pekee Tabitha aliyekuwa darasa la pili, na Mwalimu Elineema, mpangaji wa chumba cha uani. Baba wa nyumba, Modestus, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu Namungo, akirudi pale anapokumbuka kuwa ana mke.

Mwalimu alikuwa Mpare aliyeletwa huku na ajira, mtu mpole mwenye ugonjwa mmoja: papa. Si wa kula, wa kusoma. Alikuwa na vitabu vya papa kuanzia sakafuni hadi dirishani, vya wakubwa na vya watoto, vyenye picha za midomo iliyofunguka mpaka unaona koo. Bahari yenyewe aliiona mara moja, alipopelekwa semina, akapandishwa boti na kutapika. Hilo halikumpunguzia kitu. Wenzake walikesha na mpira, yeye alikueleza habari za meno ya papa mpaka chai ikapoa.

Jumatano, siku moja kabla ya chumvi, alirudi kutoka mnada wa Nachingwea na kitabu kingine, chembamba, cha watoto, ambacho kiliwahi kulowa na kukauka mpaka kurasa zikajikunja. Alikiokota chini ya rundo la viatu vya mtumba. Akampa Tabitha akisome kwa sauti, maana mtoto alikuwa mzito wa kusoma.

Ndani yake papa anazunguka nyumba za viumbe wa baharini, kila ukurasa anapiga hodi. Pweza anamjibu, "Hapakaliwi." Kaa anamjibu, "Wenyewe wamesafiri." Mwisho papa anapiga hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hakuchorwa, na jibu halipo, kwa sababu karatasi yake ilichanika zamani.

Jioni hiyo Tabitha alikaa barazani akisoma. Felomena alikuwa jikoni anatwanga kisamvu. Akasikia, "Hodi." Ni kitabu, akaendelea kutwanga. Akasikia tena, "Hodi," safari hii kwa sauti nzito, ya mtu aliyetembea mbali. Akajibu bila kuinua kichwa, kama anavyojibu yeyote aliyelelewa na watu.

"Karibu. Pita ndani."

Hakuingia mtu. Alipochungulia alimkuta Tabitha peke yake, kitabu mapajani, anatazama ndani kwenye korido. Akamuuliza mgeni yuko wapi. Mtoto akasema ameshapita.

Felomena akamgombeza kwa uongo, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, akamgombeza pia kwa kosa la Jumapili, alipomwacha shangazi yake Rosa aondoke bila kumwambia karibu tena. Kwa Felomena mgeni haondoki hivihivi. Mtoto wake angeweza kukosa viatu, adabu hapana.

Baada ya chumvi ikaja harufu, ile ya gunia la papa lililonyeshewa. Felomena akapekua uvunguni, kabatini, hadi chumbani kwa mwalimu kwenye vile vitabu, asipate hata mwiba. Kisha sakafu. Kila asubuhi, kiangazi kile ambacho hata kuku walikuwa wanapiga chafya za vumbi, korido ilikuwa na mchirizi wa maji kutoka mlangoni mpaka kitanda cha Tabitha, na ukikauka unaacha unga mweupe.

Tabitha aling'oka jino la mbele, jambo la kawaida kwa umri wake. Lisilo la kawaida ni kwamba nyuma ya pengo lilikuwepo jino jingine limeshasimama, na nyuma ya hilo jingine, membamba, yameelekea kooni.

Felomena hakumwambia mtu. Alimpeleka kupimwa malaria, hakuwa nayo. Akampigia Modestus, akaambiwa mtandao unasumbua. Ndipo ikafika siku aliyokuwa anampaka mtoto mafuta baada ya kuoga, na mkono wake uliposhuka kutoka begani kwenda kiganjani ngozi ilikuwa laini kama siku zote, lakini uliporudi kupanda ngozi ileile ilimkwaruza kama msasa wa seremala, akashtuka na kuutoa mkono na kuona umechubuka na damu inachuruzika kwenye vidole, na Tabitha akageuza shingo taratibu, wala hakumtazama mama yake usoni, akakitazama kile kiganja chenye damu, akakinusa.

Alimfuata mwalimu uani huku amefunga mkono kwa kitambaa. Alipomweleza, Mwalimu Elineema hakucheka wala hakufungua kitabu. Alinong'ona.

"Ngozi ya papa ndivyo ilivyo, Mama Tabitha. Ukimpapasa kuelekea mkiani ni laini. Ukirudisha, inakata."

"Na kuzunguka, mwalimu?"

Maana wakati huo mtoto alikuwa nje anaizunguka nyumba. Alianza asubuhi. Darasani pia, mwalimu alikiri, jana yake alikuwa amekataa kukaa kwenye dawati. Nyayo zake zilikuwa zimeshachora njia kuzunguka ukuta.

"Wapo papa wasioweza kusimama," akasema. "Wakisimama wanakosa pumzi, wanakufa. Tafadhali usimwambie akae."

Mchana uleule Felomena alikuwa amemkalisha kwa nguvu ale, na midomo ya mtoto ikaanza kugeuka rangi ya majivu.

Fundi Shaibu, mganga, aliletwa kutoka Nachingwea. Kama ulitegemea mzee mwenye hirizi utakatishwa tamaa. Alikuja na pikipiki yake, kavaa jezi ya mpira, akaomba chai kwanza, akausifu muhogo. Aliingia ndani, akanusa korido, akarudi sebuleni na uso tofauti. Akawakalisha Felomena na mwalimu, akafunga mlango. Mtoto hakuitwa. Wakubwa wanapozungumza mtoto haitwi, hata kama mazungumzo ni juu ya roho yake.

Hakuuliza ugonjwa ulianza lini. Aliuliza nani alimkaribisha.

Felomena akasema, kwa shida, kwamba ni yeye.

"Basi huyu hakuvamia," fundi akasema polepole. "Kapiga hodi nyumba nyingi, miaka, kote anaambiwa hapakaliwi. Nyumba iliyomwitikia ni hii. Nikimfukuza mgeni aliyekaribishwa, ataondoka na alichokishika."

"Kashika nini?"

Fundi akatazama dirishani. Tabitha akapita. Baada ya kitambo akapita tena.

"Atasindikizwa kama mgeni mwingine. Ila asiagwe. Tukifika mwisho mgeuke kimya, hata aseme nini. Huku kwetu mtu akiaga kuna neno linamtoka mwenyeji lenyewe. Mlimeze."

Jua lilipoanza kuzama waliondoka. Felomena alipika wali usiotiwa chumvi, fundi akatangulia akiudondosha njiani kidogo kidogo, Tabitha akifuata na kitabu kifuani, mama nyuma yake, mwalimu wa mwisho. Wakapita kati ya mikorosho, wakashuka korongoni, na korongo lile halikuwa na tone la maji tangu mvua zilipokatika, lakini mbele yao mchanga ulianza kulowa, na Felomena alipoinamisha macho aliona nyayo za mwanawe, ndogo, zimejaa maji, na pembeni yake si nyayo nyingine bali mfereji mmoja mpana unaokwenda huku na huku, kushoto na kulia, kama kitu kizito kinachojivuta kwa kiuno, na ule mfereji ulikuwa unajichimba wakati anautazama, hatua kwa hatua na mtoto, na harufu ikawa nzito mpaka mwalimu akajifunika pua, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Fundi akasimama. Akamwonyesha Tabitha kwa kidole aweke kitabu chini. Mtoto akakiweka. Kitabu kikazama kwenye mchanga bila sauti, kama sahani inavyozama ndooni.

Tabitha akakaa chini.

"Mama, nimechoka," akasema.

Felomena akamshika mkono, akaupapasa kwenda chini, kisha, huku amefumba macho, akaurudisha juu. Laini. Akambeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, akageuka. Wote wakageuka.

Nyuma yao sauti ikasema, nzito, ya mtu aliyeshiba:

"Haya, ahsanteni. Mmenikirimu sana."

Felomena aliuma kanga mpaka fizi zikatoa damu. Mwalimu alitembea akitazama viatu vyake. Fundi aliongeza mwendo. Neno lilipanda kwenye koo za watu wazima watatu, na watu wazima watatu wakalimeza.

Na mgongoni kwa mama yake, kwa sauti safi ya mtoto aliyefundwa adabu, Tabitha akasema:

"Karibu tena."

Walipofika nyumbani Fundi Shaibu hakungoja hata kuaga. Alipanda pikipiki, akaondoka. Mwalimu Elineema aliomba uhamisho, na vitabu vyake vipo kwenye maboksi uani, hakuna aliyevichukua. Tabitha ni mzima, anakaa, anacheza, meno yake yameota mstari mmoja.

Lakini ukienda kwa Felomena leo ukapiga hodi, hujibiwi. Utasimama pale mlangoni mpaka aje mwenyewe akuone kwa macho. Mtaani wanasema dhahabu ya Namungo imempa maringo. Hajibu na hilo. Kila asubuhi, kabla mtoto hajaamka, anachovya kidole ndooni na kuonja kwa ncha ya ulimi.

Juzi alitema.