Usiitike Ndani ya Chumba cha Faili

Harufu ndiyo iliyotangulia. Shantel alikuwa ameketi kwenye benchi la shirika la watoto, kule Kiamunyi, pua yake ikanasa harufu ya maziwa ya mama yaliyochacha. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtoto wala mama anayenyonyesha.

"Umerudi tena?" Bwana Kipketer, mkuu wa shirika, alisimama mlangoni bila salamu.

"Nimekuja kuona faili yangu, mzee. Niliandika ombi. Sheria inaniruhusu."

"Basi iambie hiyo sheria ikuletee! Tulikuokota, tukakulisha, tukakusomesha. Unataka nini kingine?"

"Nataka kujua nilizaliwa na nani." Shantel alishika tumbo lake, mimba ilikuwa pevu. "Daktari ananiuliza magonjwa ya kwetu. Sina la kumjibu."

"Mwambie huna kwenu." Akaondoka kwenda kula.

Jepkorir, karani wa pale, alingoja hatua zake zipotee, kisha akachukua ufunguo wa chumba cha faili. "Dada, njoo. Nimechoka kuona ukifukuzwa. Lakini ukisikia unaitwa humo ndani, usiitike."

"Niitwe na nani?"

"Kuna mama alikuwa anakuja kumtafuta mtoto wake. Walimfukuza mpaka akafia langoni. Tangu hapo anaita majina ya watoto wote waliopita hapa. Mlinzi wetu Kimaiyo aliitika. Mpaka leo hajijui."

Nje jua la adhuhuri lilikuwa kali, lakini mle ndani baridi iliuma mifupa. Jepkorir alipekua rafu. Ile harufu ikazidi. Kutoka nyuma ya rafu za mwisho, sauti ya mwanamke ikaanza kuita, taratibu, kama anayeamsha watoto: "Jerry... Jeruto... Maxwel..."

"Hii hapa," Jepkorir alinong'ona. "Chukua, twende."

Shantel hakuweza kungoja. Alifunua palepale, akaona jina la mama yake, na chini yake jina alilopewa yeye siku aliyozaliwa, Nekoye, na kabla hajalitamka hata moyoni, pumzi ya majimaji ikamgusa shingoni, na sauti ikasema kwa upole ambao hakuna mtu aliyewahi kumsemesha nao tangu azaliwe: "Nekoye, mwanangu, njoo unyonye."

Kinywa chake kikafunguka chenyewe. Jepkorir akamziba kwa kiganja.

Mlango ukapigwa teke. "Nani amefungua hapa?" Kipketer alifoka.

"Mzee, nyamaza, tafadhali!" Jepkorir alimsihi.

"Nekoye?" sauti iliita tena.

"Niko hapa!" Kipketer alinguruma. "Toka nje, wewe, kabla sijakutoa!"

 Papo hapo akateleza ukutani polepole, akajikunja sakafuni kama kitoto kichanga, macho yamefumbwa, midomo ikinyonya hewa na maziwa yaliyoganda yakimtiririka kidevuni, huku mkono usioonekana ukimlaza nywele.

Wanawake wale walikimbia hadi barabarani. Jepkorir alikuwa analia.

"Dada, uko sawa? Alikugusa?"

"Niko sawa," Shantel alijibu, faili ameikumbatia.

Alisema uongo. Dirisha la kile chumba lilikuwa wazi, na sauti ilikuwa inambembeleza Kipketer kwa wimbo wa Kibukusu, lugha ya jina lile Nekoye. Shantel alisimama akiusikiliza, mwili ukimtetemeka, na kilichomtetemesha hakikuwa hofu tena. Kilikuwa wivu.