Aliyejibu kwa Jina la Taratibu

Kwanza ulikuwa mlio tu. Tik. Kama mtu amebonyeza kitufe cha maiki, akakiachia bila kusema neno.

Ulisikika asubuhi, malori yakiwa bado yadini na injini zinapashwa moto, wakati Babu Honi akiita majina kwenye redio ya upepo iliyofungwa kwenye kila lori. Babu Honi ndiye aliyekuwa mkubwa wa msafara, dereva mwenye mvi na tumbo linalogusa usukani. Kila siku kabla ya kuondoka aliwaita madereva wake kwa majina ya utani, mmoja mmoja. Ukiitwa unajibu, "Nipo." Asiyejibu anasubiriwa. Ndivyo walivyojua kwamba redio zote ni nzima na hakuna aliyeachwa nyuma.

Alimwita Kijiko, Kijiko akajibu kwamba yeye yupo ila tumbo lake bado liko kitandani. Akamwita Taratibu. Kimya. Na katikati ya kimya kile, tik.

Taratibu alikuwa amekufa. Hakufa barabarani, figo zilimmaliza polepole, nyumbani kwake. Wenzake walimzika, wakarudi kazini, na asubuhi ya kwanza Babu Honi alipofika kwenye jina lake alishindwa kuliruka. Akaliita, akanyamaza kiasi cha mtu kujibu, kisha akaendelea na linalofuata. Kesho yake akafanya vilevile, na ikawa desturi. Hakuna aliyeona ubaya. Waliona ni heshima.

Lori la marehemu liliendeshwa na mkewe. Alijifunza udereva wakati wa ugonjwa, yeye kwenye usukani, mumewe kiti cha pili akiongea redioni, maana mwili ulikuwa umekwisha lakini mdomo ulibaki na nguvu zake. Alipofiwa hakuwa na nafasi ya kukaa ndani kulia. Watoto walikuwa wanakula kila siku. Madereva walimwita Shemeji, na redioni hakuna aliyemjua kwa jina jingine.

Shemeji alisikia ule mlio akadhani ni waya umelegea. Fundi wa redio akaitwa, akafungua vyombo vyote, akatoa vumbi na mende mmoja aliyekauka. Asubuhi iliyofuata, Babu Honi alipoita Taratibu, mlio ulirudi, na nyuma yake kukawa na pumzi. Mtu anavuta hewa taratibu, anaitoa, kisha anaachia kitufe. Ndani ya kabini kukaja harufu ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Shemeji alikagua mashuka, akakagua viatu, akakagua chini ya kiti. Kila kitu kilikuwa kikavu.

Siku ya tatu ile pumzi ilisema, "Nipo."

Ilikuwa sauti yake hasa, na ule mkwaruzo wa mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya injini. Kisha Kijiko, ambaye hakuna alichowahi kukichukulia kwa uzito, alisikika redioni analia, anamuuliza Taratibu, aliyezoea kumwita kaka, alikuwa wapi siku zote hizo.

Ajabu ni kwamba hawakukimbia. Walifurahi. Barabara yao ilikuwa ndefu na tupu, na sauti ya mwenzao ilikuwa sauti ya mwenzao. Wakaanza kuzungumza nayo. Ilikumbuka vichekesho vya zamani, ilimtania Kijiko kwa wembamba wake, iliuliza kuhusu mizigo na mizani, na kila ilipomaliza ilisema, "Mmenipata?" kisha ikaachia kitufe isubiri jibu, kama walivyofanya wao wote. Shemeji peke yake hakuchangia. Aliendesha mikono imekaza, harufu ya unyevu imemjaa puani, akisubiri asichokijua.

Alikijua mchana mmoja kwenye tambarare, jua likiwaka.

"Shemeji," sauti ilisema kwa upole. "Watoto hawajambo? Mmenipata?"

Jasho likamkauka mgongoni. Mumewe alimwita mama, kama wanawe walivyomwita, na akikasirika alimwita jina lake kamili. Hilo la Shemeji lilikuwa la wenzake. Mume gani anamwita mkewe shemeji? Aliyejifunza kumwita hivyo ni yule aliyekuwa akisikiliza redio, siku baada ya siku, na hakuwahi kuingia nyumbani kwao.

Waliposimama kujaza mafuta alimweleza Babu Honi. Mzee alijikuna kidevu. Alisema labda huko waliko watu husahau mambo madogo madogo.

"Mke si jambo dogo, Babu. Acha kuliita hilo jina."

"Nikiacha kumwita nitakuwa nimemzika mara ya pili, Shemeji. Usinipe kazi hiyo."

Hata hivyo aliogopa kidogo, maana alimleta mganga, mtu mpole mwenye kofia na mfuko wa ngozi, akafukiza ubani kabini kwa kabini na kusoma aliyoyasoma. Kesho yake jina likaitwa. Sauti ikakohoa, ikasema, "Nipo. Nashukuru kwa manukato." Mganga aliposimuliwa alirudisha malipo yake, na hakuonekana tena yadini. Kijiko alicheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani.

Palikuwa na mteremko mmoja ambao madereva wote waliuheshimu, mrefu, wenye kona kali chini kabisa na bonde upande wa kushoto. Utaratibu wao ulikuwa hivi: wa mbele anashuka, anapita kona, anatangaza redioni, "Njia nyeupe." Ndipo anayefuata anateremka. Asiyesikia maneno hayo anabaki kileleni, hata kama ni mpaka kesho.

Siku hiyo kulikuwa na ukungu mzito tangu asubuhi. Babu Honi alitangulia. Shemeji akamfuata mapema kuliko ilivyotakiwa, kwa gia ndogo, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamesikia kishindo na hakutaka kukaa juu akibahatisha. Alimkuta kwenye kona. Bomba la upepo wa breki lilikuwa limepasuka, breki zimeshika zenyewe, na tela limeserereka likaziba barabara yote kama komeo. Mzee alikuwa chini, mzima, anahangaika kuweka mawe kwenye matairi. Shemeji akasimamisha lori lake nyuma ya tela, akashika maiki amwambie Kijiko asiondoke. Kijiko alikuwa kileleni na shehena ya saruji.

Sauti ikamtangulia.

"Njia nyeupe, Kijiko. Teremka."

Akabonyeza, akapiga kelele, lakini redio hizo mmoja akishika kitufe mwingine hasikiki, na sauti ile ilikuwa imeshika, inaongea bila kupumua, inamwambia Kijiko barabara ni kavu na kona iko wazi, atie gia kubwa wafike mapema wakale, wamesubiriana sana yeye na kaka yake, na kadiri ilivyoongea ndivyo harufu ya nguo mbichi ilivyozidi kabini mpaka vioo vikaota ukungu kwa ndani na matone yakaanza kuteremka juu ya dashibodi, kwenye usukani, kwenye vidole vyake, maji baridi ambayo hayakutoka popote, huku juu kule, mbali, injini ikibadilisha mlio, Kijiko anaondoka, Kijiko anakuja.

Mlango ulikuwa karibu na mkono wake. Angeweza kuruka, akamvuta mzee wakapanda ukingoni, wakamwacha Kijiko aje afie kwenye chuma chao. Aliwaza watoto wake. Kisha akamwaza yule mtu mwembamba aliyebeba jeneza upande wa kichwani akikataa kupokezwa, akabaki alipo, kidole juu ya kitufe. Jini hili lilijifunza kuongea kwao. Litafanya kama wao.

"Mmenipata?" likasema, likaachia.

Akabonyeza.

"Taratibu," aliita, kama Babu Honi anavyoita, na hakuacha hata nafasi ya pumzi. "Nipo. Taratibu ni mimi. Jina hili lina mtu. Kijiko, simama hapo hapo, tela limeziba kona."

"Shemeji?" Kijiko alisema. Breki zake zilikuwa zinalia. "Kaka amesema njia nyeupe."

"Kaka yako alikufa mbele yangu. Nilimfunga kidevu kwa mikono yangu. Huyo anayekuita simjui, na wewe humjui. Simama."

Redio ikakwaruza. Sauti ikarudi, ya chini, karibu sana, kana kwamba haikutoka kwenye spika ila kiti cha pili, alipokuwa akikaa mumewe.

"Shemeji. Unanifukuza mimi?"

Hakugeuza shingo. Kiti kilibonyea, aliona kwa pembe ya jicho.

"Mimi si shemeji yako," alisema, maiki bado mdomoni, msafara wote unasikia. "Mimi ni shemeji wa hawa. Wewe sina undugu nawe, na hicho ni kiti cha mume wangu. Toka."

Huko juu breki zililia, zikalia, mpaka akadhani hazitakoma. Taa mbili zikatokea kwenye ukungu nyuma yake, kubwa, zinakuja, zinapungua mwendo, zikasimama karibu na tela lake kiasi kwamba alisikia mngurumo wa injini ya Kijiko kupitia dirishani. Kiti cha pili kikapanda juu, polepole, kama godoro mtu akinyanyuka.

Kijiko alishuka. Alimtazama, akatazama saruji yake, akasema kama angekufa leo wangemjengea kaburi bila gharama. Shemeji alimwambia afunge mdomo alete mawe.

Asubuhi iliyofuata yadini Babu Honi aliita majina. Alipofika kwenye jina la marehemu aliliita kama kawaida.

"Taratibu."

"Nipo," alijibu mwanamke, palepale, kabla neno halijamalizika.

Mzee akaendelea na linalofuata. Tangu hapo redioni hakuna aliyemwita Shemeji, jina lake likawa Taratibu, na kabini yake ikakauka.

Ila baada ya jina la mwisho kulisikika mlio. Tik. Pumzi ikavutwa, ikasubiri. Madereva wote waliisikia. Ilitaka kuitwa kwa jina lolote lile, na hakuna aliyeita.

"Babu," Taratibu alisema, akitia gia, "tumetimia. Twende."